Mpangaji wa Chumba cha Chini

6 Februari

Baba Chiriku,

Nakuandikia nimekaa sakafuni, maana sakafu ndiyo kitu pekee chenye huruma humu ndani. Kuta zinashinda zikilinywa joto, usiku zinatutemea. Binti yako anatembea na kitambaa kibichi kichwani, na mdomo wake haujapumzika hata kidogo. Jana kaniuliza kama jua lina mama, na kama linaye, mbona halimwiti liingie ndani.

Kazi ipo, lakini dobi wa msimu huu anajikaanga mwenyewe. Napiga pasi alfajiri, jua likichomoza vizuri naacha. Wateja wananuna. Yule mwalimu wa mashati meupe kaniambia, "Dobi, shati langu nalitaka leo, si kesho." Nikamwambia, "Basi njoo ushike pasi wewe, mwalimu, mimi nivae shati." Alicheka, lakini shati bado hajalipata.

Gari la matangazo limepita mtaani. Wanasema joto hili ni la kukusanya tu, likija kuvunjika litavunjika kwa kishindo: upepo, radi, na maji ya ghafla kutoka juu milimani. Wanasema watu wa mabondeni tujiandae. Sisi si wa bondeni, sisi ni wa mtaroni kabisa. Nikiutazama ule mtaro mbele ya mlango, mkavu, umejaa takataka hadi pomoni, najua maji yatakosa pa kupita. Niambie nianzie wapi.

Jambo jingine, usishtuke. Kile chumba cha chini, kule uani ninakofulia, nimempa mpangaji. Ni mama mtu mzima, mjane, mtulivu. Kaja na sanduku moja. Sikuweza kumfungia mlango mtu mzima kwenye jua lile.

Na wewe huko juu ya minara yenu ya umeme, ngurumo zikianza mnafanyaje? Kila siku unaniambia kazi ni salama. Chuma kirefu kilimani, halafu salama. Haya.

Breki anapiga honi. Nashukuru tu kwamba lori la chakula cha kambi yenu lina dereva mwenye utu, la sivyo ningekuwa nakupigia kelele kwa upepo, maana mtandao wa simu umekataa kupanda huo mlima.

Mkeo,
Mama Chiriku


12 Februari

Mke wangu,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikiliza, usingoje wingu.

Mtaro kwanza. Waite majirani. Wasipotaka, anza kufukua mbele ya mlango wetu peke yako, kwa kelele nyingi, utaona aibu itakavyowatoa ndani. Mfereji wa paa upande wa jikoni una kiota cha ndege, kitoe, maji yapate njia. Tafuta viroba, vijaze mchanga, vikae tayari mlangoni. Vyeti vyote vitie kwenye mfuko wa nailoni uvining'inize kwenye boriti. Wingu likijikusanya, zima swichi kuu mapema. Maji yakishaingia ndani usiiguse tena, hata kwa kijiti.

Na hili lishike kuliko yote: maji yakifika kizingitini, acha nguo za watu, acha pasi, acha kila kitu. Mchukue mtoto mkae juu. Usikatize mtaro hata kama unamwona nani ng'ambo. Maji ya magotini yakiwa yanakimbia humwangusha mwanamume mzima.

Huyo mpangaji wako ametoka wapi? Nani anamjua? Sikatai, umeshampokea, lakini kile chumba ndicho kitakachomezwa kwanza. Mwambie wazi asije akasema hakuambiwa. Kitanda chake kiinue juu ya matofali, na ngurumo ya kwanza tu apande mlale naye juu. Miguu ya mtu mzima haikimbii.

Sisi huku tukisikia ngurumo tunashuka. Msimamizi anapuliza filimbi, na hakuna anayejifanya shujaa. Usihangaike. Mwandiko umepinda kwa sababu naandikia juu ya goti.

Mwambie Chiriku jua lina mama, ila ni kaidi kama yeye.

Mumeo


19 Februari

Baba Chiriku,

Mtaro umefukuliwa! Nilianza peke yangu asubuhi, natupa matope na kuimba kwa sauti yangu hii unayoijua. Kabla sijamaliza ubeti, jirani yetu Fundi Saa akatoka na koleo, akasema, "Mama, nitafukua mtaro wote, lakini nyamaza." Baada yake wakatoka wengine. Limebaki kalavati la barabara kuu, limeziba kabisa. Mkuu wa mtaa anasema watu wa barabara watakuja. Watakuja kama walivyokuja mwaka jana.

Sasa nikupe la pili, na usome hadi mwisho kabla hujashika kichwa. Juzi mwanao alicheza juani wakati mimi nimeinamia beseni. Ghafla nikaona kimya. Nikajua kuna jambo, maana mtoto huyu hata usingizini anaongea. Nilimkuta amelala chini ukutani, ngozi inawaka, macho yako mbali. Nilipiga yowe nikasimama pale kama mti. Mpangaji ndiye aliyetoka. Alimbeba kivulini, akamvua nguo, akanituma shuka la maji, akamfunika, akampepea kwa mfuniko wa ndoo. Alipoanza kujitambua akamnywesha maji ya sukari na chumvi kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko. Mimi nataka kumwaga kikombe kizima, yeye ananizuia mkono. Nesi wa zahanati alipomwona alisema tumefanya vizuri. "Tumefanya," anasema, na mimi nilikuwa napiga yowe tu.

Sasa Chiriku anamwita Bibi wa Chini, na nyumba yote ameihamishia huko. Kitanda tumekiinua kwa matofali. Ila kupanda kulala juu mpangaji amekataa. Anasema juu si pake.

Nina swali moja, na usinijibu kwa hasira. Hivi mama yako akija leo, akasimama mlangoni, ungefanya nini?

Na hilo goti unaloandikia lina nini? Herufi zako zinachechemea.

Mama Chiriku


25 Februari

Mke wangu,

Mwambie mpangaji kuna mwanamume huku mlimani alikaa juu ya ndoo, akasoma barua yako, akalia mbele ya watu wazima. Wenzangu walidhani nimefiwa. Nilipowasomea, mpishi wa kambi akasema huyo mama apewe nyumba nzima. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe kajichukulia mwenyewe. Mwambie chumba ni chake, mvua zinyeshe zisinyeshe, asimsikilize mtu atakayemwambia ahame. Mwambie mwenye nyumba amesema.

Lakini apande juu! Juu ni pake pia. Joto huku limefika mahali mawe yanalia usiku. Jioni mawingu yanapanda kama moshi wa tanuru, yanamulika ndani kwa ndani, halafu yanaondoka bila tone. Hatulali. Mtu akiburuta bati tunaruka wote.

Kuhusu lile swali lako. Jibu unalijua. Nilirudi kutoka shule nikakuta sufuria bado ya moto na yeye hayupo. Baba alikaa mlangoni siku ile hadi giza, na alikaa pale jioni baada ya jioni miaka yote aliyobaki nayo. Nilikuwa nampelekea chakula pale pale. Yeye alirudi kwenye mazishi, amevaa vizuri, amekuja na mume wake mpya. Nilimwambia mbele ya watu: kwangu usikanyage. Neno lile sijalifuta.

Usiniulize tena. Nakupenda, lakini usiniulize tena.

Mumeo


4 Machi

Baba Chiriku,

Usiku wa kuamkia leo upepo umechukua bati la jikoni. Mvua yenyewe haikuja, imetutisha tu ikaenda zake. Nimekaa macho hadi asubuhi, nazunguka nyumba kama mwizi aliyesahau alichofuata. Nimeshika viroba, nimeshika mfuko wa vyeti, nimekwenda kwenye swichi, nimerudi kwenye viroba. Mara naenda kumtazama mtoto, mara nachungulia uani. Fundi Saa naye yuko nje na tochi. Tumesalimiana usiku wa manane kama tuko sokoni.

Maneno yako nilimsomea mpangaji. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Akaniomba nirudie pale pa chumba. Nikarudia. Halafu akatoka akaenda kukaa uani, juani, na jua lile, na nilipomwita ndani hakugeuka.

Breki ameteleza ulimi. Alisema, "Shemeji, tangu radi imguse yule mtu, kambi nzima imekuwa na adabu." Nikamuuliza mtu gani. Akaanza kukagua matairi. Mtu gani, Baba Chiriku?

Nami kuna jambo nataka kukuambia. Nimeanza kuliandika hapa nikalifuta, nikaanza tena nikalifuta. Honi hiyo inapigwa. Barua ijayo, kwa haki ya Mungu, nitaliandika.

Angalia juu. Chuma hakina huruma.

Mama Chiriku


14 Machi

Baba Chiriku,

Mkeo yu hai. Mwanao yu hai. Nimeanza na hilo ili kama utaichana barua hii, uichane ukijua.

Mkeo amevunjika mkono wa kulia, ndiyo maana naandika mimi. Hakutaka. Alitaka kwanza akuambie mwenyewe. Lakini nimeona usiku haupiti kwa mtu aliye mbali asiyejua watu wake wako wapi, na mwandishi mwingine humu ndani ni mtoto anayejua kuchora kuku tu.

Mimi ndiye mpangaji. Ni mama yako.

Siku ya mafuriko tangu asubuhi hapakuwa na hewa. Jani halikutikisika. Mchana mbingu ikageuka rangi ya masizi, na ngurumo ya kwanza ikapasua kana kwamba paa limegawanyika. Mkeo alizima umeme, akapanga viroba, kila kitu kama ulivyomwelekeza. Mbele ya nyumba viroba vilishika. Lakini maji hayakuja mbele. Lile kalavati lililoziba liliyageuza, yakapita nyuma ya nyumba, yakaingia uani. Hayakubisha hodi. Mimi nilikuwa bado chini. Niliitwa nipande, nikasema nakuja, nikakaa. Mkeo akashuka kunifuata, ukuta wa ua ukamwangukia mkono. Hilo ni langu mimi, si la mvua. Mtoto alishikwa na majirani.

Nguo za wateja zote zimekwenda. Shati la mwalimu tumeliona limenasa juu ya nguzo ya taa, limenyoosha mikono kama linaomba msaada. Mwalimu mwenyewe alikuja, tukadhani anadai. Kaja na ndoo, akatoa matope na sisi siku nzima.

Sikuja kukuomba kitu. Mume wangu alikufa, watoto wake wakaniambia nyumba si yangu, na walisema kweli. Nilishuka mtaani kwenu nikamwona mtoto mlangoni anaongea na kivuli chake. Nilitaka nimtazame tu nipite. Mkeo akauliza mimi ni nani, nikamwambia. Akasema, "Ingia kwanza, jua litakuua." Usimlaumu. Mimi ndiye niliyemsihi asikuambie.

Ya siku ile nilipoondoka sitajitetea. Nilikuwa na sababu zangu, lakini sababu za mtu mzima hazimlishi mtoto.

Uliposema chumba ni changu, najua hukuwa ukisema na mimi. Nimekurudishia. Mkeo akiweza kushika kikombe mwenyewe, nitaondoka.

Mpangaji


22 Machi

Mama Chiriku,

Daraja limekatika, Breki amezunguka njia ya machimbo, ndiyo maana barua imechelewa. Alinikabidhi bila kunitazama usoni. Mwandiko ule niliujua kabla sijafungua. Ndio uliokuwa ukiandika jina langu kwenye madaftari ya shule. Nilidhani mmekufa wote, na yeye ndiye aliyebaki wa kuniambia.

Mko hai. Nimeshukuru, na bado nashukuru.

Lakini uliniacha nimshukuru yeye. Uliniacha nilie kwa ajili yake, na kambi nzima inamjua kwa sifa nilizomwaga mwenyewe. Mpishi bado ananiuliza, "Yule mama wa chini hajambo?" Nimjibu nini? Nilikueleza habari ya sufuria, sijawahi kumweleza mtu mwingine, kumbe naeleza na mwenye sufuria yuko hatua chache kutoka kwako. Uliniuliza ningefanya nini akisimama mlangoni, na tayari ulikuwa umemtandikia kitanda. Mimi ni nani katika nyumba hiyo?

Mkono wako ukipata nguvu, aondoke kama alivyosema.

Siwezi kuja. Yule mtu wa radi ni mimi. Ilipiga mnara wa pili, ikatembea ardhini ikanikuta nimesimama. Mkono umeungua na mguu umeungua, natembea na fimbo. Nilinyamaza ili usihangaike.

Mumeo


29 Machi

Baba Chiriku,

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo usitegemee urembo wala upole.

Ulificha radi. Nilificha mama. Nani kati yetu atashika mizani? Nilikosea kukuficha, nimesema, sirudii. Ila kumfungulia mlango sikukosea, na hilo sitaliomba radhi hata ukinitumia barua kwa kila lori.

Ameondoka. Hakungoja jibu lako. Tuliamka tukakuta chumba kimefagiliwa matope hadi pembeni, shuka limekunjwa, mtoto amefunikwa. Chiriku hajaniuliza swali lolote tangu siku ile. Unaelewa maana yake.

Sasa nikuambie alichokuficha yeye. Amekuandikia mtoto alishikwa na majirani. Majirani gani? Kila mtu alikuwa juu ya paa lake anamwita Mungu. Chiriku alinitangulia kwenda kumwita Bibi yake. Mimi nikafuata, ukuta ukaniangukia, nikabanwa kwenye kona ya ngazi, nauona mlango wa chumba cha chini na siufikii. Maji yakaukandamiza, ukagoma. Wao wako ndani. Yalikuwa yakiingia kwa dirishani.

Alimweka mtoto mabegani, akapanda juu ya kile kitanda, akashika nondo za dirisha. Maji yalimfika kifuani. Nilikuwa nasikia sauti yake, anamwambia mtoto, "Ongea, mwanangu, usinyamaze, ongea chochote." Na mwanao akaongea. Habari za jua, za kuku, za meno ya Fundi Saa, huku radi inapiga. Mimi nikawa nasikiliza ile sauti, nikijua ikikatika na mimi sina haja ya kutoka pale. Haikukatika. Maji yalipopungua Fundi Saa alivunja mlango. Mtoto alishuka mwenyewe. Mama yako hakuweza. Vidole vilikuwa vimeganda kwenye zile nondo. Fundi Saa alivifungua kimoja kimoja, taratibu, kama anafungua saa.

Nilipomuuliza kwa nini hakukuandikia hili, alisema, "Sitaki anisamehe kwa kuogopa deni."

Breki amemwona. Yuko njia panda, kwenye mahema ya waliofukuzwa na mafuriko, anaosha masufuria ya watu. Mahema yale wameyapiga kwenye tambarare ya mto, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Na gari la matangazo limepita tena leo asubuhi: mvua nyingine inakuja, kubwa kuliko ile. Nimemtuma Breki akamwambie arudi. Amejibu, "Mwenye nyumba hajanikaribisha."

Breki anapita pale akija kwenu na akirudi. Mguu wako ni mbovu, lakini kalamu unaweza kushika. Fanya unaloweza kuishi nalo.

Mama Chiriku


1 Aprili

Kwako,

Nimeanza karatasi hii nikaikunja, nikaanza nyingine nikaikunja, kwa sababu sijui nikuiteje. Basi nimeacha hivyo.

Mawingu yako juu yetu tangu asubuhi. Meusi, mazito, yamesimama. Tumeshushwa wote. Wenzangu wamelala kwenye mahema wanasubiri, mimi nazunguka na fimbo yangu kama mbuzi aliyefungwa kigingi. Wananiambia kaa. Sikaliki. Kila nikitazama upande wa bonde naona mvua imeshaanza kule chini, au ni macho yangu.

Sijakusamehe. Sitaki kukudanganya, kudanganyana kumetosha. Baba alikungoja mlangoni watu wote wakamwona. Mimi nilikungoja pia, ila mimi nilijificha. Nilikuwa nikisikia gari linasimama barabarani natoka kupitia nyuma ya nyumba ili nisionekane nakimbia. Nilifanya hivyo hadi nikaota ndevu. Nina maneno niliyokuwekea tangu wakati ule, nimeyanoa hadi yanakata. Siwezi kuyaandika. Nataka nikuambie uso kwa uso, na wewe unisikie. Sasa ukichukuliwa na mto, nitamwambia nani?

Mwanangu alikuwa mabegani mwako. Nimejaribu kulipima jambo hilo na yale mengine na siwezi. Hayakai kwenye kapu moja. Acha yakae mbalimbali.

Breki amekubali kutozima injini. Chukua sanduku lako, panda mbele pamoja naye, usikubali kupanda nyuma, turubai linavuja. Ukifika, usishuke uani. Panda ngazi. Lala kitanda cha juu, upande wangu, dirisha lile halipitishi maji.

Mwenye nyumba amekukaribisha. Usiseme hukuambiwa.

Mwanao


6 Aprili

Mwanangu,

Barua yako niliipokea matone makubwa yameshaanza, wino ukanichuruzikia mkononi kabla sijafika mwisho. Breki aliniambia, "Mama, utasomea njiani." Nikapanda. Jioni ile ile mto ulipanda kwenye mahema. Watu walikuwa wakikimbilia shuleni, wengine miguu mitupu, na wote walifika. Sufuria nilizokuwa nikiosha sasa zinasafiri.

Niko juu. Mkeo ameamuru, na kwa mkono wake mmoja anaamuru kuliko wenye miwili. Usiku mvua ilinyesha bila kupumua. Fundi Saa na mwalimu na wengine walikuwa wamekwenda kulizibua lile kalavati wenyewe, kwa koleo na mikono, baada ya kuchoka kuwangoja watu wa barabara. Maji yalifika kizingitini, yakasimama pale, yakafikiri, yakarudi. Mimi na mkeo hatukulala. Tulikaa kwenye ngazi tumeshika taa, kila mmoja anamwambia mwenzake akalale.

Leo asubuhi Chiriku ameniuliza kama mvua huchoka. Halafu akauliza kama wewe huchoka. Halafu akauliza mengine, sikumbuki, yalikuwa mengi. Mkeo alikuwa jikoni, nikamsikia ameweka kikombe chini, ametulia anasikiliza.

Usiharakishe mguu. Ngoja kidonda kikauke, ngoja daraja lijengwe. Lakini njoo. Njoo na maneno yako yote, usipunguze makali hata ya neno moja, uyaseme kwa sauti unayotaka, hata siku nzima, hata mwaka.

Sitaondoka kabla hujamaliza.

Mama yako